Kochi Linakunywa Besi

Leo kijiweni hatukukalia benchi. Tulikalia kochi la Dereva, lililotolewa sebuleni kwake asubuhi hii kwa amri ya Kinyozi. Dereva amenunua sabufa, lile sanduku la spika la kutolea besi, ili mama mkwe wake atazame video ya harusi ya kitindamimba wake. Siku ya harusi yenyewe mama wa watu alikuwa amelazwa, ngoma zikapigwa asizisikie. Anafika leo. Nasema kweli, nilimwonea Dereva huruma, maana tangu alfajiri besi inasikika kila mahali isipokuwa pale inapotakiwa. Muuza Kahawa akatumiminia, nasi tukaanza kumsaidia kwa mdomo.

— Tuanze upya, akasema Kinyozi. Kwanza uliiweka wapi?

— Chini ya televisheni. Mke wangu jikoni vifuniko vya sufuria vinacheza, mimi sebuleni nasikia kama mtu anakohoa.

— Ndiyo nikakwambia uitie kwenye kona.

— Nikaitia. Ikawa ngurumo tupu, hata mshereheshaji hasikiki anasema nini.

— Hilo ni kochi. Sponji inakunywa besi.

— Kochi si hili tumelikalia? Na bado inanguruma, tena zaidi.

Fundi Saa, ambaye hufungua kila kitu na kurudishia nusu, akaweka kikombe chini.

— Zulia je?

— Nimelikunja.

— Mapazia?

— Yako kwenye kamba ya nguo. Mke wangu hanisemeshi.

— Basi ni ukuta. Umenyooka mno. Besi ikiugonga inarudi na hasira zake.

— Unataka nivunje ukuta wa mwenye nyumba?

— Nani kasema uvunje? Toboa kidogo tu.

— Hamna kitu hapo, akasema Muuza Kahawa. Besi inasikika tumboni, si masikioni. Huyu bwana tangu aamke hajala. Tumbo tupu litapokea nini?

— Mbona kahawa yako amekunywa? akauliza Kinyozi.

— Ndiyo hiyo inayomngurumia.

Nami nisionekane sina mchango, nikasema labda ni mwezi. Hakuna aliyecheka. Fundi Saa aliitikia kwa kichwa, kwa makini, na hilo likanitisha kuliko kicheko.

— Jamani, tuipeleke bafuni, akasema Kinyozi. Bafuni kila mtu ana sauti nzuri.

Dereva alikuwa ameanza kuinuka, anakwenda bafuni kweli, teksi iliposimama mbele yetu. Akashuka mama mkwe, mkoba kwapani.

— Shikamoo mama, tukamwamkia sote, ndipo tukakumbuka kusimama.

— Marahaba, wanangu.

Akalitazama kochi. Akayatazama mapazia kwenye kamba. Dereva akamweleza mbio mbio habari za kona, sponji na ukuta, na jinsi alivyotaka azisikie zile ngoma kama vile alikuwepo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

— Umejisumbua sana, mwanangu. Mungu akuzidishie. Sasa nikishaingia ndani, mimi nitakaa wapi?

Kinyozi akachungulia kikombe chake, kumbe kimeisha. Fundi Saa akakuna sikio. Katika maneno yote tuliyoyamwaga tangu asubuhi, hakuna aliyewahi kufikiri msikilizaji atakaa wapi mle sebuleni. Nikaona aibu, tena aibu hasa. Dereva peke yake alikuwa ameshainama, kashika mguu wa kochi.

— Shikeni huko, akasema. Tunaanza na mahali pa mama kukaa, sabufa itafuata.