Bibi Chungu Anaondoka Dirisha Namba Tatu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha namba tatu la ofisi yetu ya bima ya afya kwa kaya za kipato cha chini, Bibi Chungu anastaafu. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila mkiona naungua ndani, nivumilieni.

Jina hilo tulimpa sisi. Fomu inauliza nani wanalala nyumbani kwako. Yeye huongeza swali lake: mnapika chungu kimoja? Maana kanuni zenyewe zinasema kaya ni watu wanaokula pamoja. Tulimcheka weee! Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote, na chai yake ilipoa kila siku.

Sasa tuseme ukweli. Mwaka juzi mama mmoja mfua nguo alikuja dirisha namba nne kuhuisha kadi. Kwa kadi hiyo mumewe alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zimekufa. Alipoulizwa nani analala kwake, mama wa watu, mkweli, akamtaja na shemeji yake, mlinzi wa usiku, anayejilaza pale mchana watoto wakiwa shule. Mshahara wa mlinzi ukajumlishwa, kaya ikavuka kiwango cha kipato, muhuri ukapigwa: HAISTAHILI. Yaani mtu anakesha akilinda mali za wengine, halafu kwa kulala tu mchana anamkosesha ndugu yake matibabu! Utaratibu gani huu, jamani?

Bibi Chungu alimkuta mama huyo akilia kwenye ngazi. Jumamosi akaenda kwake kwa miguu, akaona majiko mawili, sufuria tofauti, unga wa huku na unga wa kule: mlinzi anajipikia chake, si wa kaya ile. Jumatatu akapanda kwa mkuu wetu. Akaambiwa rufaa huchukua siku thelathini. Akamjibu kwamba ugonjwa haujui kalenda. Siku nne alifunga dirisha lake, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu, mpaka kadi ikarudishwa. Mgonjwa alikuwa amekosa awamu mbili, uso umemvimba, lakini aliwahiwa. Yu hai mpaka leo.

Na shukrani ya punda? Barua ya onyo, eti kwa kutelekeza kituo cha kazi. Kwa sababu ya barua hiyo, Ijumaa atapewa saa ya ukutani, lakini cheti cha utumishi bora hapewi. Aibu yetu sote.

Dirisha namba nne ni langu. Muhuri ule niliupiga mimi, kisha nikaita anayefuata. Bibi Chungu alijua. Mkuu alipomuuliza nani aliyekosea, alisema hakumbuki, nami nimesimama pale pale, kimya kama maji ya mtungi. Leo asubuhi nimemwandikia mkuu: onyo lile lihamie kwenye faili langu, naye apewe cheti chake.

Dada yetu mkubwa, ahsante. Ukapumzike na wajukuu, Mungu akuzidishie uzima. Na unisamehe. Cheti chako nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni.