Yowe la Wimbo wa Tatu

Mchana wa Halowini, siku ya kuvaa vinyago, ndani ya basi la Memphis, Shemasi Cleotis alikuwa amepakata mfuko wa pipi za kugawia watoto kwenye maegesho ya kanisa. Jamaa mmoja aliyevaa kinyago cha fuvu akamtambua. Miaka ya tisini shemasi huyu alirapu nyimbo za kutisha za makaburini na kuuza kanda zake kwenye buti la gari.

"Braza, lile yowe la mwanamke kwenye wimbo wa tatu," jamaa akauliza, "si ni mzimu?"

"Ni mama yangu. Tulirekodia kabatini mwake, katikati ya magauni ya kanisani. Akaona panya."

"Acha hizo. Yule mwanamke alikufa mwaka 1911. Nimemchora hapa." Akapandisha mkono wa shati, na sisi abiria wenzao tukaona tatuu ya maiti wa kike mwenye nywele ndefu. Kazi safi, lazima niseme.

"Mama hajawahi kuwa na nywele hizo."

"Wewe uliimba tu, mzee. Sisi ndio tuliosikiliza."

Shemasi akachoka. Akamwonyesha bibi wa kiti cha mbele, mwenye kofia ya zambarau. "Yule pale. Muulize mwenyewe."

Jamaa akamwendea kwa adabu, akamgusa bega. Bibi akageuka, akakutana na fuvu uso kwa uso, akapiga yowe. Dereva akafunga breki.

Basi likasimama. Jamaa akavua kinyago, machozi yakimlengalenga.

"Ndiye, yowe ni lile lile," akamwambia shemasi. "Pole sana, braza. Kumbe mama alishafariki, na hakuna aliyekuambia."