Vyungu Arobaini na Kimoja vya Mama Kostansia

Mama Kostansia Nabintu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, Walungu, Kivu ya Kusini. Alisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya primaire. Yaliyobaki alifundishwa na udongo, na udongo hautoi diplôme. Mwaka 1980 aliolewa na Birindwa, wakazaa Ombeni na Jolie. Birindwa alifariki 2004, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Februari 2012 alifika Buffalo, Marekani, akaosha vyombo kwenye jiko la hoteli. Huko ndiko alikoanza kujaribu kufinyanga vyungu. Alichanganya udongo na makapi ya kahawa. Chungu cha kwanza kilipasuka motoni. Cha pili kilisimama, lakini wali wake ulinukia kahawa mpaka Pasaka.

"Mama, this is nasty," Jolie alilalamika.

"Kula. Kesho tunajaribu chai."

2013 alihamia Columbus, kwa shemeji yake Manassé, karibu na Morse Road. Siku za kazi alipakia maboksi, wikendi alifinyanga. Jumamosi tarehe 6 Septemba 2014, Manassé alileta wazee wa jamaa nyumbani, wakakuta sebule imejaa vyungu. Manassé akaona aibu.

"Shemeji, tulivuka bahari yote ile uje kucheza na matope?"

Akachukua nyundo. Alivunja vyote arobaini na kimoja, kimoja kimoja, wazee wakiangalia viatu vyao. Mama hakulia.

"Umemaliza? Bon. Inua mguu, umekanyaga kazi yangu."

Alifagia vigae vyote ndani ya mifuko ya mchele, akapanda basi ya Louisville.

Pale Newburg, mtaa wa Louisville, alivitwanga vikawa unga, akauchanganya na udongo mpya, akachoma kwenye pipa la chuma nyuma ya kanisa. Kijiko kimoja cha unga kwa kila konzi ya udongo: chungu kikapasuka. Viwili: kikapasuka. Vitatu: chungu kikatoka kizima. Alikigonga na kidole, kikalia kama kengele. Tangu siku ile moto haukumpasulia tena hata kikombe. Na chini ya kila chombo, kabla hakijakauka, alichora jina moja: Manassé. Wateja waliuliza huyo ni nani.

"Ni mtu wa kukaliwa," alijibu, akakiweka chombo mezani.

Machi 2016 figo zilianza kukataa. Manassé hakupiga simu hata moja. Mama alifariki Louisville, tarehe 2 Oktoba 2016. Wiki hii Manassé ametuma ujumbe: jina lake lisomwe kati ya walioachwa, tena la kwanza. Donc, marehemu alishamjibu hospitalini, mbele ya mpwa wake Gloire, anayewasomea haya hapa msibani:

"Asimame, aseme mbele ya watu nani alivunja. Akisema, mwandikeni. Akinyamaza, mpeni maji tu."

Ameacha Ombeni, Jolie, Gloire, wajukuu watatu, na shemeji ..............................

Mstari umeachwa wazi. Kalamu iko mezani. Mzee Manassé, malizia maji yako, halafu geuza hicho kikombe cha Mama usome chini.

Lala, Mama. Udongo unakujua.