Adelard Kamugisha, Fundi wa Paa Aliyekataa Kuweka Viraka

Baba Padri, jumbe wetu, majirani wa Buguruni wa dini zote, mafundi, na ninyi ndugu mlioacha kazi zenu Jumamosi hii ya leo, familia inawaomba utulivu ili mwelezwe maisha ya mtu tunayemzika, na tangu mwanzo inawaarifu kwamba hamtasomewa yale mazuri peke yake, kwa sababu mwenyewe alikataza. Wiki iliyopita alimwita mpwa wake Audax, ambaye ndiye anayesoma mbele yenu, akamwagiza aandike mambo kama yalivyokuwa, na habari ya Bi Mwanabaraka isirukwe.

Marehemu Adelard Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Septemba 1904 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Revelian na Mama Kokuberwa. Baba yake alikuwa mjenzi wa misonge, zile nyumba za duara zinazoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na mwaka 1913, marehemu akiwa na miaka tisa, mvua ya mawe ilishuka Kanyigo mchana kweupe, ikachanachana migomba, ikaua mbuzi wawili wa jirani, naye alikaa chini ya paa la baba yake akisikiliza kishindo kile mpaka kikaisha, wala hakuona tone hata moja ndani. Alizoea kusema kwamba siku ile ndipo alipojua kazi ya paa ni nini, na kwamba wako watu wazima wenye nyumba zao mjini hapa ambao hawajaijua mpaka leo.

Kuanzia mwaka 1915 alisoma shule ya misheni, masomo yakakatizwa na vita, akarudi, akamaliza darasa la nne mwaka 1920, akiwa na mwandiko mzuri ambao walimu wake waliusifu. Alifanya kazi na baba yake hadi Mzee Revelian alipofariki mwaka 1928, na mwezi Juni 1929 alipanda meli hadi Mwanza, kisha treni kupitia Tabora, akafika Dar es Salaam tarehe 22 ya mwezi huo, akapata kazi katika karakana moja ya useremala mjini, ambako alijifunza kuezeka mabati.

Tarehe 4 Februari 1933 alifunga ndoa na Anjelina, binti wa Mzee Gregori wa Ndanda, na Mungu akawajalia watoto watatu, Leonardi aliyezaliwa mwaka 1934, Demetria mwaka 1937, na Avelina mwaka 1942. Mwaka 1936 aliacha karakana, akahamia hapa Buguruni, wakati huo minazi ikiwa mingi kuliko nyumba, akaanza kazi yake mwenyewe ya kuezeka na kutengeneza mapaa.

Wengi wenu mnaikumbuka kazi ile, na wengi wenu mmelala chini ya mikono yake. Upande huu wetu wa kushukia bonde la Msimbazi ulipigwa na mvua ya mawe mwaka 1938, ukapigwa tena mwaka 1942, na upepo haukukosa karibu kila masika, na kila mara marehemu alitoka na ngazi yake kabla mvua haijakatika vizuri, akizunguka kutazama nani paa lake limechukuliwa. Alichokiona kilimuudhi. Aliona kwamba upepo haukuwa ukichukua mabati wala makuti tu, ulikuwa ukichukua paa zima na boriti zake, kwa sababu boriti zimeliwa na mchwa na hazikufungwa kwenye nguzo, zimekalia ukuta tu kama mtu anayengoja kuondoka. Alimweleza kila mwenye nyumba kwamba dawa ni kufungua paa lote, kutoa boriti mbovu, kuweka mpya na kuzifunga kwa waya hadi chini kwenye nguzo, na karibu kila mwenye nyumba alimjibu kwamba yeye anataka pazibwe pale panapovuja.

Hata pale mwenye nyumba alipokubali, vitu havikupatikana. Miaka ile ya vita na iliyofuata mabati yalitolewa kwa kibali, na boriti za mikoko nazo kwa kibali, naye akaenda ofisi moja mjini akaambiwa Buguruni iko nje ya mpaka wa mji, aende ofisi ya pili, akaenda ofisi ya pili akaambiwa shauri la nyumba zilizo karibu na mji liko ofisi ya kwanza. Aliandika barua kwa mwandiko ule uliosifiwa Kanyigo. Kati ya mwaka 1943 na 1947 aliandika barua kumi na moja, akajibiwa mbili, na majibu yote mawili yalimwelekeza kwenye mlango alikotoka, hata akawa akirudi nyumbani anachukua madebe matupu ya mafuta ya taa, anayapasua na kuyanyoosha kwa nyundo uani yawe badala ya mabati, mpaka Mama Anjelina anamwomba anyamaze.

Sasa tunafika kwa Bi Mwanabaraka, ambaye yuko hapa nasi, na ametoa ruhusa yasomwe. Bi Mwanabaraka alikuwa mkunga wa mtaa huu, na chumba chake cha mbele ndicho walichozaliwa vijana wengi wanaosimama hapo nyuma, wakiwemo Demetria na Avelina. Nyumba ilikuwa ya Bwana Sefu Mkwinda, aliyekaa Kariakoo. Marehemu alipanda juu ya paa lile mara nne, mwaka 1940, 1942, 1944 na Januari 1947, na kila mara alimpelekea Bwana Mkwinda habari kwamba boriti mbili za katikati zimeoza, unaingiza kidole kinazama, na kila mara Bwana Mkwinda alijibu kwamba nyumba imesimama miaka yote hiyo na itaendelea kusimama, fundi azibe. Marehemu alilalamika, akagomba, akasema hataziba, kisha akamtazama Bi Mwanabaraka akikinga maji kwa sufuria pembeni ya mama aliyejifungua, akapanda, akaziba.

Siku ya Jumanne tarehe 15 Aprili 1947, kama saa tisa alasiri, wingu lilikuja kutoka upande wa Pugu, upepo ukaanza, kisha mawe yakamwagika, makubwa kama kokwa za ukwaju, na mengine kama mayai ya njiwa. Mabati yaliyokwisha kuoza kwa kutu yalitobolewa kama karatasi, na mapaa thelathini na mawili yaling'oka mtaani hapa kwa muda usiozidi nusu saa. Bi Mwanabaraka alikuwa ndani na Bibi Eufrazia, aliyekuwa kwenye uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Aliposikia boriti zinalia juu yao alimsukuma mzazi chini ya kitanda, akainua mkono wake wa kulia kujikinga, na boriti ya katikati ikaangukia mkono ule. Bibi Eufrazia alitolewa salama, akajifungua jioni ile ile nyumbani kwa marehemu, lakini mkono wa Bi Mwanabaraka ulivunjika mahali pawili, haukuunga vizuri, na tangu siku hiyo hakuweza tena kumpokea mtoto.

Watu walikasirika, na hasira ikamwendea yule aliyeonekana juu ya lile paa. Bwana Mkwinda alisema fundi alikuwa akitengeneza nyumba yake mwaka hata mwaka, basi aulizwe fundi, na tarehe 27 Aprili baraza likakaa, marehemu akaitwa. Wenzake walitegemea atajitetea, maana mashahidi wa maonyo yake walikuwapo. Alisimama akasema maneno machache, ambayo familia inayasoma kama alivyoyasema.

"Nilimwambia mwenye nyumba kwamba boriti zimeoza, nilimwambia mara nne. Kosa langu ni kwamba kila nilipokwisha kumwambia, nilipanda nikaziba."

Akakaa. Baraza halikumtia hatiani, wala Bwana Mkwinda halikumtia hatiani, likasema ni kazi ya Mungu, na neno hilo lilimuuma marehemu kuliko kama angefungwa. Alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa misa, lakini alisema Mungu ameleta mvua, boriti mbovu ameiacha mtu.

Tangu hapo akawa mtu mgumu. Alitangaza kwamba hatatia kiraka paa lolote, anayetaka kazi yake akubali paa lifunguliwe lote, na asiyekubali atafute fundi mwingine. Mafundi wengine walikuwapo, wakazibaziba, wakapata kazi, yeye akakaa siku nyingi barazani kwake na ngazi imelala. Mlisema ana kiburi, na wengine mlisema Mhaya huyu anataka kutufundisha kukaa kwetu, na familia nayo ilichoka, kwa sababu mtu aliyekuwa akicheka sana alianza kuwafokea watoto juu ya kitu kidogo kama kikombe kilichowekwa vibaya. Familia haifichi kwamba miaka ile ilikuwa migumu nyumbani.

Mwezi Machi 1948, masika yakikaribia, nyumba ya Bi Mwanabaraka ilikuwa bado imefunikwa kwa makuti yaliyotupiwa juu ya boriti zile zile. Marehemu alimwendea akamwomba radhi kwa mara nyingine, na Bi Mwanabaraka alimkatiza.

"Adelard, mie radhi nimekupa zamani, na mkono wangu haurudi. Mie nataka mvua ikinyesha nilale."

Alirudi nyumbani, akabomoa jiko lake la uani, ambalo alikuwa amelijenga kwa boriti nzuri za mikoko kabla ya vita, akazibeba moja moja, na kwa siku tano akafungua paa lote la Bwana Mkwinda bila kumuuliza, akaweka boriti, akazifunga kwa waya hadi kwenye nguzo, akaezeka makuti mapya ambayo Bi Mwanabaraka na wanawake wa mtaa waliyashona. Mama Anjelina alimwambia kwamba nyumba za watu zitakuwa na paa, yeye atapikia mvuani, na ndivyo ilivyokuwa masika yote ya mwaka ule, na hawakusemezana vizuri mpaka Julai. Bwana Mkwinda alimshitaki kwa kuvunja na kugeuza nyumba ya mtu bila idhini, naye akafungwa siku kumi na nne. Alipotoka alikuta paa limeachwa kama alivyolifanya, kwa kuwa hakuna fundi wa mtaa huu aliyekubali kwenda kulibomoa, hata wale waliokuwa wakimsema.

Baada ya hapo watu walianza kumkubalia kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1953 alikuwa amefungua na kufunga upya nyumba tisa. Dhoruba ya tarehe 2 Mei mwaka huo ilikuja na mawe tena, naye alitoka na ngazi akiwa na hakika. Nyumba saba zilisimama. Mbili ziliondoka na mapaa yake, na alipopanda kutazama alikuta waya zimekatwa, wenyewe walizitoa wakatengeneza kamba za kuanikia nguo, kwa sababu waya ilikuwa nzuri na huko ukutani haikuonekana ina kazi gani. Mama Anjelina anasema marehemu alikaa juu ya ukuta wa nyumba moja, miguu inaning'inia, akatazama kanga zilizoanikwa uani, kisha akashuka akaanza kuezeka.

Mwanzoni mwa mwaka 1955 mwanawe Leonardi alipata ukarani ofisini mjini. Marehemu hakumpongeza, alimuuliza tu kama na yeye atakuwa akiwaambia watu waende mlango wa pili, na baba na mtoto walikaa miezi minane bila kutembeleana. Leonardi ameomba isomwe kwamba walipatana kabla ya Krismasi iliyopita, na kwamba swali lile hajapata jibu lake bado.

Kuugua kwake kulianza mwezi Oktoba 1955, miguu ikavimba, ikawa figo, akalazwa hospitali mjini mara mbili, Novemba na Januari, na tarehe 20 Februari mwaka huu madaktari walimruhusu arudi nyumbani, wakiwa wamefanya walichoweza. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Aliuliza kila siku kama mawingu yamekuja, na aliwataja kwa majina wenye nyumba ambao mapaa yao hayakufunguliwa, hata waliokuja kumjulia hali waliogopa kutajwa. Alifariki jana Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na moja, Mama Anjelina akiwa amemshika upande mmoja, na Bi Mwanabaraka upande wa pili kwa mkono wake wa kushoto.

Ameacha mjane, watoto watatu, na ndugu zake walioko Kanyigo ambao barua haijawafikia. Ameacha pia paa moja aliloanza kulifungua kabla ya kuugua, la Mzee Anselmo pale karibu na kisima, ambalo liko wazi hadi leo, na masika yamebakiza siku chache kuanza. Familia inaomba mafundi mliopo hapa mlimalize wiki ijayo, na inaomba, kwa heshima yote na bila kuficha maneno, msilizibe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Padri aliyempa sakramenti, majirani mliochota maji na kupika siku zote hizi, akina mama mlioshona makuti ya kuwakinga jua waombolezaji, mafundi wenzake mliochonga jeneza, na hata wale mliogombana naye, maana mmekuja.

Mama Anjelina hakutaka kusema mbele ya watu, ameomba asomewe maneno yake ya mwisho kwa mumewe, nayo ni haya. Baba Leonardi, wengine watapanda. Wewe shuka sasa, upumzike kwa amani.