Kisu cha Kumchunia Swala

Kijiwe cha kahawa cha Wilhelmina, pale Buzuruga, Mwanza, kimejibanza ubavuni mwa banda la kuchomelea mageti, karibu kabisa na stendi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, na anayekaa katikati hupata joto la wenzake akitaka asitake. Wazee wa hapo hawashindwi na jambo. Wameshapanga kikosi cha timu ya taifa, wameshatibu kisukari, wameshashusha bei ya mafuta, yote hayo kwa vikombe vidogo vya kahawa chungu na kipande cha kashata. Jioni hiyo hoja ilikuwa kisu. Aliyeileta ni Okomo, na laiti angejua, angepitiliza zake madukani Makoroboi akanunue bila kumuuliza mtu.

Okomo ni mtu wa Rorya, mpole, mwili jumba. Kwao amechuna mbuzi tangu utotoni. Hapa mjini anakata kitimoto, yaani nguruwe, kwenye baa moja ya Pasiansi, na mbavu zake kijiwe kizima kinazijua kwa meno. Sasa mzee Liaqat, mwenye duka la vipuri vya injini za boti, alikuwa amepata leseni yake ya kuwinda swala, na mchunaji wake wa siku zote amehamia Bukoba. Akamuuliza Okomo amejifunza wapi kazi hiyo. Okomo akajibu, "Nyumbani, mzee, halafu buchani." Hakudanganya. Bucha ya nyama gani hakuulizwa, naye hakujisumbua kueleza. Safari ikienda vizuri, mzee alisema, ipo nafasi ya kudumu dukani. Okomo alimwambia mkewe Selina, Selina akawaambia majirani, na safari yenyewe ni kesho alfajiri.

— Nimekiona kimoja Makoroboi, alisema Okomo. Cha kusimama, si cha kukunja. Urefu kama kiganja changu. Mpini wa plastiki, lakini chuma kimepita mpaka kwenye kitako. Bei chee.

— Chee! alicheka Elias, mwenye banda la kuchomelea. Wanamwita Oksijeni, na kwake matatizo yote ya dunia hii yanaisha kwa chuma. — Kitu cha chee kitakuaibisha porini, mwanangu. Swala si mkate. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe ndiyo mpini.

— Sasa nichukue kipi?

— Springi ya lori la Fuso. Nakukatia hapa hapa, unene wa kidole, nanoa, unaondoka.

— Hilo si litakuwa shoka? alidakia Oyoo. Huyu wanamwita Minofu. Alikata samaki kiwandani mpaka alipopunguzwa, na heshima ya sangara hajaivua mpaka leo. — Kisu cha kuchuna lazima kipinde. Mimi sangara nilikuwa namvua ngozi bila mwenyewe kujua.

— Sangara kafa, atajuaje? aliuliza Oksijeni.

— Ndiyo nakwambia sasa!

Perez aliinua macho kwenye simu. Jina lake la kijiweni ni Bando, kwa sababu hajawahi kumaliza wiki bila kifurushi cha simu kumwishia.

— Nyie mnaongea mambo ya kale. Siku hizi kisu cha porini kina dira kwenye mpini. Mgongoni msumeno, ndani kuna ndoano na kiberiti.

— Dira ya nini, we Bando? alidakia Oksijeni. Swala ana ngozi, hana kaskazini.

— Ndipo msipojua. Nyama ukiikata umeelekea kaskazini haichachi. Damu ina chuma, dunia ina sumaku. Inanyonywa yote.

— Lo! alisema Minofu, akaona asipozidisha atapitwa. Lakini kubwa kuliko yote ni harufu. Kisu kipya kinanuka duka. Swala akikinusa tu anajua amekuja mfanyabiashara, anahama wilaya. Kizike kwenye kinyesi cha ng'ombe wiki nzima.

— Kwani si anapigwa bunduki kutoka mbali? aliuliza Wilhelmina, birika mkononi.

— Dada, mimina kahawa.

Wilhelmina akamimina.

— Safari ni kesho, alisema Okomo.

— Basi umeshachelewa, alisema Minofu. Ndiyo maana wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwa hiyo kile cha Makoroboi nisinunue?

— Usithubutu! walijibu wote watatu, na hiyo ndiyo mara pekee walikubaliana.

Okomo akashusha pumzi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa kitu kilichofungwa gazeti, akakifungua juu ya mapaja.

— Basi ninacho hiki.

Bando aliinama kukitazama.

— Si hiki cha Pasiansi?

— Ndicho.

— Hiki hiki kilichotukatia zile mbavu Jumapili?

— Ndicho. Nimekichemsha. Nimekisugua na majivu.

Alisema hayo kwa sauti ya chini, akawatazama mmoja mmoja. Alitaka mtu aseme. Mmoja tu aseme, "Okomo, hiki huwezi kumpelekea mzee Liaqat," naye angesimama pale pale akakimbilia Makoroboi kabla maduka hayajafungwa. Neno hilo alilijua tangu jana, Selina alipomkuta anachemsha kisu akamuuliza kinaumwa nini. Alijifariji kwamba mzee ana kisu chake cha kuchinjia, kwamba hiki kitagusa ngozi tu. Faraja ikamkataa. Aliona haya peke yake jikoni, na sasa aliona haya mbele za watu wasiojua kwamba anaona haya. Lakini kijiwe kilikuwa kimeshazama kwenye chuma.

Oksijeni alikigonga kwa ukucha, akakitegea sikio.

— Chuma cha Mjerumani hiki. Sikia kinavyoimba.

— Na kinapinda, alisema Minofu. Kidogo, kwa adabu.

— Halafu hakinuki duka, aliongeza Bando. Kina uzoefu! Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Beba hicho hicho, mzee baba.

Wakiwa kwenye kukisifu, mzee Liaqat akatokea upande wa stendi, kofia ya kufuma kichwani, mfuko wa machungwa mkononi.

— Shikamoo mzee!

— Marahaba, marahaba. Hamjambo?

Wakabanana kumpa nafasi. Wilhelmina akamwekea kikombe. Mzee alikuwa amepita kumwambia Okomo wakutane mlangoni mwa duka kabla ya adhana, lakini jicho lake lilishaangukia gazeti.

— Ndiyo silaha yetu hiyo? Hebu nikione.

Okomo akampa. Angefanyaje? Mzee akapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuchinja wengi.

— Mashaallah. Bwana Okomo, wewe ni mtu wa kazi. Changu cha kuchinjia kimelegea mpini, nilikuwa nahangaika nipate kingine. Sasa basi. Swala akianguka nawahi kabla hajafa, namchinja kwa hiki, nakuachia wewe uchune.

Okomo alinyoosha mkono kukichukua kisu.

Mzee akachukua chungwa kwenye mfuko wake, akalipasua pande mbili kwa mkato mmoja. Maji yakamtiririka vidoleni. Akacheka kama kijana.

— Kikali kweli! Akainua nusu chungwa kuelekea mdomoni, halafu, kwa kupiga soga tu, akauliza: Huko buchani kilikuwa kinakata nyama gani?

Jioni nzima halikuulizwa swali jepesi kuliko hilo. Oksijeni akageuka kutazama mageti yake. Bando alikuwa ameinamia simu iliyozimika. Minofu, mjuzi wa harufu zote, akaanza kukohoa. Chungwa likafika midomoni.

— Usile, mzee!

Okomo alikuwa amemshika kifundo cha mkono, mzee wa watu, hadharani. Akakiachia upesi kama kilichomuunguza. Mzee Liaqat alimtazama, akatazama kisu, akawatazama waliobaki mmoja mmoja, na wote walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyelazimika kumweleza. Amezaliwa Mwanza, na Pasiansi anapita kila wiki.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alikiweka kisu juu ya gazeti na chungwa pembeni yake, akaomba maji, na Wilhelmina akamnawisha kwa dumu lake, mara ya kwanza, mara ya pili, na nyingine tena.

— Siku ile nilikuuliza bucha ya nyama gani? alisema mzee, akijifuta kwa leso.

— Hukuniuliza, mzee.

— Kweli, sikuuliza. Nilidhani mtu anayeniandalia chakula ataniambia mwenyewe.

Akawaaga wote kwa heshima, akachukua machungwa yake, akaondoka. Kahawa aliiacha ilivyo. Kuhusu kesho hakusema lolote.

Okomo alijisikia mdogo kuliko kikombe kile. Watu wazima watatu walikuwa wamepima unene, mpini, kaskazini na harufu, na yeye aliyejua kinachopimwa alinyamaza ili asionekane maskini wa kisu.

— Lakini jamani, alianza Bando, kingeoshwa na udongo...

— Nyamaza, alisema Wilhelmina.

Okomo akakifunga kisu kwenye gazeti, polepole.

— Nisaidieni basi, alisema. Kesho niende nikamsubiri mlangoni, au nisiende?

Oksijeni alisema "labda" akaishia hapo. Minofu akanyoosha kikombe ili apate la kufanya, Wilhelmina akaliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Okomo akasimama na mfuko wake. Alikuwa na njia ndefu ya kufikiri atakachosema, maana nyumbani Selina alikuwa ameshampigia pasi shati la safari, amelitundika mlangoni ili majirani waone.