Kiganja, Aliyenyoosha Matangi ya Pikipiki

Ndugu, majirani, mafundi na wateja mlioacha shughuli zenu leo Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, familia inaomba mtuvumilie, maana karatasi hii imeandikwa jana na watu ambao bado hawaamini wanachokiandika, na imechanwa mara mbili kwa sababu kila tulipofika kwenye neno marehemu mmoja wetu alisema, "Hapana, subirini kwanza." Anayeisoma ni mdogo wake wa kike, waliyeachiana ziwa, ambaye Jumatano jioni alizungumza naye kwa simu kuhusu mlango wa kabati, wakacheka, wakaagana kama watu wenye miaka mingi mbele yao.

Kaka yetu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Februari 1974, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa fundi bati aliyetengeneza ndoo na mabomba ya kukingia mvua, mama akiwa mpishi wa shule. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizoea nyundo kabla hajazoea jina lake, kwa sababu nyundo ikinyamaza alikuwa analia, na ikianza kugonga alikuwa analala fofofo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1981 na kumaliza la saba mwaka 1987, akaendelea na sekondari hadi alipohitimu kidato cha nne Novemba 1991, akafaulu masomo yote isipokuwa hisabati, ambayo alipata sifuri aliyoisifia mwenyewe kwa baba akisema, "Itazame vizuri, mzee, haina hata kona moja." Baba alitaka kukasirika, akashindwa, akamkabidhi nyundo ya mpira.

Januari 1992 aliajiriwa katika gereji ya kunyoosha bodi za malori, akakaa hapo miaka sita, na tarehe 2 Machi 1998 akafungua kibanda chake mwenyewe kwenye barabara ya soko, mkabala na duka la vipuri, akachagua kazi moja tu, kunyoosha matangi ya pikipiki yaliyobonyea kabla hayajapakwa rangi upya. Waliomcheka kwamba hiyo si kazi, ni kipande cha kazi, baadaye walipanga foleni mlangoni kwake wakiwa wamekumbatia matangi yao kama watoto wanaopelekwa kliniki.

Jina la Kiganja alipewa na wateja, kwa sababu tangi likishaondolewa petroli, likaoshwa kwa maji na sabuni na kuachwa wazi siku mbili hadi harufu iishe kabisa, alikuwa analipapasa kwa kiganja huku amefumba macho, anaweka alama ya chaki mahali ambapo jicho halioni kitu, kisha anapitisha mdomoni mwa tangi fimbo za chuma zilizopinda kama shingo ya bata, anasukuma kidogo kidogo kuanzia ukingoni kuelekea katikati, bila pupa, kwani alikuwa anasema bati likiharakishwa linavimba upande wa pili kwa hasira. Puti, ile lipu ya kujazia mabonde kabla ya rangi, aliipaka nyembamba sana, akaisugua kwa msasa na maji, na mtu akimletea tangi lililorundikwa puti na fundi mwingine alikuwa analigonga kwa ukucha na kuuliza, "Huyu alikuwa anatengeneza tangi au anakandika nyumba?"

Katika miaka yote hiyo hakuwa na kawaida ya kuuliza tangi lilibonyeaje, akiamini mtu aliyeanguka ameshaaibika vya kutosha, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yake. Jumatatu tarehe 4 Agosti 2003, saa nne asubuhi, alikuja kijana mmoja na tangi la buluu, akataka linyooshwe na kupakwa rangi nyeusi kufikia kesho yake, na kaka alipolipapasa akakuta limebonyezwa na usukani uliogeuka ghafla, lakini ubavuni halina hata mkwaruzo mmoja wa kokoto, yaani pikipiki ilipigwa kishindo lakini haikuburuzika barabarani, na kwenye bawaba ya mfuniko kulikuwa na uzi wa njano umenasa. Akamwuliza, "Uligonga nini?" Yule akajibu, "Jiwe." Kaka akauvuta ule uzi taratibu, akauinua kwenye mwanga, akasema, "Jiwe gani hili linalovaa nguo?"

Yule mtu alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akaondoka mbio akiliacha tangi mezani. Kaka, kama alivyotusimulia mara nyingi, alielewa mara moja, kwa sababu tangu Jumamosi mtaa mzima ulikuwa unazungumza habari ya mshonaji aliyegongwa karibu na kituo cha maji akipeleka gauni la njano la mteja, na aliyemgonga akatoweka. Alifunga kibanda, akalibeba lile tangi kwapani, akaenda nalo kwa miguu hadi kituo cha polisi, akaliweka kaunta na kusema, "Naomba mlitazame hili kabla sijalinyoosha, maana nikilinyoosha halitasema tena."

Mtu yule alikamatwa, alikiri, akahukumiwa, lakini ndugu yetu hakupongezwa na wengi, kwani waendesha pikipiki walimwita fundi mpelelezi, wakamsusa karibu mwaka mzima, na mtu akipita na tangi bovu mbele ya kibanda chake alikuwa analifunika kwa koti. Mwaka huo alinyoosha masufuria, matoroli na mageti, na tulipomwuliza kama anajuta alijibu, "Najuta kwamba nilichelewa kuuona uzi, niliuona baada ya kumkaribisha chai."

Wiki ya pili baada ya tukio hilo alikwenda hospitalini kumjulia hali yule mshonaji, ambaye alikuwa amevunjika paja na amening'inizwa mguu, na kabla hajajitambulisha mgonjwa akamtazama mikono, akaona puti kwenye kucha, akamwambia, "Wewe ndiye wa uzi?" Akaitikia. Mgonjwa akasema, "Basi keti, na uniambie gauni la watu limebaki na hali gani." Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, hadi wauguzi wakawa wanamwuliza ni ndugu wa mgonjwa kwa upande gani, naye hana jibu, na Jumamosi tarehe 18 Juni 2005 akapata jibu, wakafunga ndoa, bibi harusi akitembea kwa kuchechemea kidogo kama anavyotembea hadi leo, akiwa amejishonea gauni la njano makusudi.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 2006, ambaye sasa anasomea uuguzi, na mvulana aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2010, ambaye baba yake alimfundisha kila kitu isipokuwa kuendesha pikipiki. Nyumbani kwao cherehani na nyundo zilizoea kugombana, mama akisema nyundo inamkosesha mshono, baba akisema cherehani inamkosesha usingizi wa mchana, na hakuna aliyewahi kushinda.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo historia kama hii huwa inaeleza ugonjwa, ulianza lini, alilazwa wapi, alihangaika kwa muda gani, na sisi hatuna la kusoma, kwa sababu kaka hakuugua. Aprili mwaka huu alipimwa presha na sukari, akaambiwa yuko sawa, akaja kututambia. Alhamisi tarehe 17 Oktoba aliamka saa kumi na mbili, akanywa chai akiwa amesimama, mke wake akamwambia mkanda wa cherehani unateleza, akajibu, "Nikirudi mchana nitaukaza, usiuguse, utauharibu," mke akasema, "Nimekuwa nikiugusa tangu hujanijua," na hayo, mbele yenu nyote, ndiyo maneno yao ya mwisho.

Saa tatu na nusu alikuwa kibandani anasugua tangi jekundu kwa msasa na maji, mwenye tangi amekaa pembeni wanabishana kuhusu mpira, akasema, "Hebu nishikie hapa, mkono umekufa ganzi." Yule akamtania, "Uzee huo, fundi." Kaka akacheka, akaketi juu ya kreti, akaegemea ukuta, na mwenzake akaendelea kueleza habari ya penalti kwa dakika nzima kabla hajagundua kwamba anazungumza peke yake. Wenye pikipiki walimkimbiza hospitali, walifika saa nne kasorobo, na daktari akatueleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani bila kutoa dalili yoyote kabla ya asubuhi hiyo. Mke wa kaka alifika na tepu ya kupimia shingoni, akatuuliza kaka amelazwa wodi gani, na kaka alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, miezi minane na siku nane, tumehesabu na kurudia kuhesabu, kana kwamba tukikosea hesabu mambo yatabadilika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, ambao walijaribu kwa dakika arobaini na kutuambia ukweli kwa upole, majirani waliochukua funguo za nyumba na kufanya kila kitu bila kuulizwa, mafundi wa barabara ya soko waliofunga milango yao tangu Alhamisi, na mwenye tangi jekundu, ambaye tunamwomba mbele ya watu wote aache kujilaumu kwa ile dakika moja, kwa maana daktari amesema isingebadilisha kitu, na ndugu yetu aliondoka akicheka utani wake.

Kuna mtu mmoja zaidi, na haya tumeyaongeza kwenye karatasi leo. Ijumaa asubuhi simu ya kaka iliita, binti yake akaipokea, sauti ikauliza, "Fundi yupo?" naye akajibu, "Yupo, njoo," akakata. Mtu huyo amekuja leo asubuhi kutoka mbali, kibanda akakikuta kimefungwa, akaelekezwa hapa, na amekaa safu ya nyuma na tangi lake chini ya kiti. Ndugu, usione aibu, wala usiondoke kabla ya kula, nasi tunakuomba radhi, kwani kama ungempigia yeyote kati yetu Ijumaa ile, angekujibu vilevile.

Kaka, hatukupata hata siku moja ya kukuuguza. Lala, upumzike kwa amani.