Musyoki Nzioka na Mguu Wake wa Mbele

Marehemu Musyoki Nzioka alizaliwa tarehe 3 Machi 1996 huko Shimba Hills, kitinda mimba wa Mzee Nzioka na marehemu Mama Munee. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne. Mbio za mita mia alizishinda pale pale mstarini, kabla wenzake hawajanyanyuka.

Alipata kazi ya utingo wa lori. Tarehe 11 Agosti 2019 lori lilipinduka karibu na Taru, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Akahamia Ukunda kushona viatu Kona ya Musa, na hapo alimpata Kavenya, muuza viazi. Walifunga ndoa Desemba 2021.

Alipopata mguu wa bandia wa kukimbilia, alirudi uwanjani na kosa moja: akiinama mstarini aliuweka mbele, mahali pa ule wake wa nyama.

"Huo hauna kifundo," kocha Swabir alimwambia. "Lazima uulemee kwanza ndipo ukurudishie nguvu, na wenzako washaondoka. Mguu mzima uweke mbele usukume. Huo, nyuma."

"Mwili umezoea, kocha."

"Basi uzoee upya, baba."

Kila jioni Kavenya aligonganisha ndara mbili uani, ziwe bastola ya kuanzisha mbio, Musyoki achomoke. Jirani akaja kuamua ugomvi. "Hanipigi, mama," Musyoki alimwambia, bado ameinama. "Ananifukuza tu."

Februari mwaka huu kigutu kilitoka kidonda. Daktari akamwambia apumzike, nao mchujo wa taifa ulikuwa Aprili.

"Niachie hii moja tu, nitapumzika mwaka mzima."

"Hiyo ni bei ya mtu aliyebanwa," Kavenya alimjibu. "Siuzi."

Musyoki alikifunika kidonda kwa soksi, akaenda. Aliondoka mstarini wa kwanza, kama zamani. Katikati ya njia akaanguka. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia damuni.

Aliaga dunia tarehe 9 Juni 2025, hospitalini Msambweni. Asubuhi ile mlango wa wodi ulijibamiza kwa upepo, na Kavenya akauona mguu wa kushoto ukisukuma chuma cha kitanda. Ulikuwa umezoea.

Ameacha mjane, Kavenya. Binti yao, Mwende. Baba yake, na kaka zake wawili.

Daktari alimwambia apumzike. Mkewe alimsihi apumzike. Leo hana tena la kubishia. Apumzike kwa amani.